Kabla ya kumnunulia mtoto mjusi, chagua vizuri plastiki ya nyumba yake

OMBI la kufuga mjusi au nyoka ndani ya nyumba ni jambo ambalo mzazi aliyelelewa Tanga, Kisumu au Bujumbura hakutegemea kulisikia kutoka kwa mwanawe. Kwetu mjusi hutembea ukutani bila kualikwa, na nyoka akionekana uani huitiwa watu wenye fimbo. Lakini kwa familia zetu zilizohamia Uingereza, Marekani, Kanada na kwingineko, mtoto ana mwenzake darasani anayefuga mjusi chumbani, na haoni ajabu yoyote. Huleta ombi lake mezani akiwa tayari na majibu ya kila swali utakalomuuliza.

Mzazi akikubali, mawazo na fedha zote huenda kwa mnyama. Nyumba ya mnyama, yaani kizimba, hufikiriwa mwishoni. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kizimba cha mjusi ni sanduku lenye taa ya moto inayowaka kwa muda wa saa 10 hadi 12 kila siku, ndani ya chumba cha mtoto. Kikijengwa vibaya, mnyama hudhoofika, bili ya umeme hupanda, na katika hali mbaya zaidi nyumba huingia moshi.

Wazazi wengi huamua kukitengeneza wenyewe, na wengi siku hizi huchagua bodi za plastiki. Ni uamuzi mzuri, mradi ujue ni plastiki ipi inakaa upande upi. Kanuni ya kushika ni hii: amua kwanza taa itakaa wapi, halafu ndipo uchague bodi. Bei na rangi vije baadaye.

Mnyama gani, na sheria inasemaje

Watambaazi wanaofugwa zaidi na watoto huko ughaibuni ni wachache. Kuna mjusi mwenye ndevu, ambaye asili yake ni Australia. Kuna mjusi kafiri wa madoadoa, ambaye asili yake ni Pakistan, Afghanistan na maeneo ya jirani. Kuna nyoka wa mahindi wa kusini mashariki mwa Marekani, na chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Wote hawa huzalishwa kwa wingi katika mikono ya wafugaji, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua aliyekamatwa porini. Muulize muuzaji swali hilo waziwazi.

Msomaji aliyeko nyumbani Afrika Mashariki asichukue makala haya kama ruhusa ya kuokota kobe au kinyonga shambani. Sheria za wanyamapori, ya Tanzania ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2013, zinataka kibali kwa anayetaka kumiliki mnyamapori. Mtoto anayetaka kuwaona apelekwe kwenye maeneo yaliyoruhusiwa, kama bustani ya nyoka iliyo kwenye Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, au kisiwa cha Changuu kule Zanzibar kwenye kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli.

Jambo jingine la kupima kabla ya kununua hata bodi moja ni umri. Mjusi mwenye ndevu akitunzwa vizuri huweza kufikisha miaka 10 na zaidi, na chatu yule mdogo hupita miaka 20. Mtoto wa miaka 11 ataondoka kwenda chuo na mnyama atabaki na wewe. Kwa hiyo kizimba unachojenga si cha msimu mmoja.

Kwa nini plastiki

Mbao na chipbodi ni rahisi kupata na rahisi kukata. Tatizo lake ni maji. Mkojo, bakuli la maji lililopinduka na unyevu wa kunyunyizia hupenya kwenye kingo na viungo. Chipbodi huvimba, hubanduka, na kuanza kunuka. Kwa mjusi wa jangwani chipbodi iliyozibwa vizuri inaweza kudumu miaka kadhaa. Kwa chatu anayehitaji hewa yenye unyevu, haidumu.

Kioo hakinywi maji, lakini ni kizito na hakitunzi joto. Kwa unene ulio sawa, kioo hupitisha joto zaidi ya mara 10 kuliko bodi ya PVC yenye povu ndani. Maana yake ni kwamba katika majira ya baridi ya Manchester au Toronto, taa itafanya kazi kubwa zaidi kulinda joto lilelile, na wewe ndiye utakayelipa.

Uzito nao una maana kwa anayeishi ghorofani. Bodi moja ya kawaida huwa na urefu wa sentimita 244 na upana wa sentimita 122, sawa na plaiwudi tunayoijua. Bodi hiyo ikiwa ya PVC yenye povu, unene milimita 12, huwa na uzito wa kati ya kilo 18 na 25 kulingana na kiwanda. Chipbodi ya milimita 18 ya ukubwa huohuo hupita kilo 35. Kioo cha milimita 6 hufika karibu kilo 45.

Lakini kusema “plastiki” ni kama kusema “nyama”. Ipo ya ng'ombe, ipo ya samaki, na hazipikwi namna moja.

Bodi ya PVC yenye povu: kuta, sakafu na dari

Hii ndiyo bodi inayotumiwa zaidi kwa vizimba. Huwa nyeupe au nyeusi, laini usoni, na ukiikata utaona ndani ina vitundu vidogo sana kama mkate. Mafundi wa mabango wanaijua vizuri. Dar es Salaam na Nairobi hutumika kwa vibao vya maduka na siku hizi hata makabati ya jikoni. Ughaibuni huuzwa na wauzaji wa plastiki na wa vifaa vya mabango.

Faida zake ni tatu. Hainywi maji, hutunza joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani, na hukatwa kwa msumeno wa kawaida wa mbao. Kwa kizimba cha urefu wa sentimita 120, chukua unene wa milimita 10 au 12. Ya milimita 6 ni rahisi mkononi lakini dari yake itainama katikati, hasa ikibeba taa.

Udhaifu wake mkubwa ni joto kali. PVC huanza kulainika ikikaribia nyuzijoto 80 za Selsiasi, na watengenezaji kwa kawaida hawashauri itumike kwa muda mrefu juu ya nyuzijoto 60. Usiogope kwa ajili ya mjusi mwenyewe. Mahali pa kuotea joto pa mjusi mwenye ndevu huhitaji nyuzijoto 38 hadi 42 tu, na upande wa baridi 22 hadi 26. Tatizo liko karibu na taa yenyewe, kwa sababu uso wa balbu ya kupasha joto hupita nyuzijoto 100 kwa urahisi. Balbu ikikaa karibu mno na dari ya PVC, dari itainama taratibu, pengine baada ya miezi, siku ambayo hakuna anayetazama.

Dawa yake si ngumu. Tumia kishikio cha balbu cha kauri, kifungwe kwenye kipande cha chuma kinachoitenga balbu na dari. Balbu iwe na wavu wa chuma kuizunguka ili mnyama asiiguse na kuungua. Kisha pima joto la dari juu ya balbu kwa kipimajoto cha kulenga kwa mbali. Ikikaribia 60, ongeza nafasi au punguza nguvu ya balbu.

Udhaifu wa pili ni skrubu. Povu la ndani halishiki skrubu kama mbao inavyoshika. Toboa tundu dogo kwanza, tumia skrubu zenye meno mapana, na usikaze kwa nguvu ya mashine hadi mwisho. Kona ziongezewe gundi au vipande vya pembe.

Kuhusu moto, PVC haishiki moto kwa urahisi na huelekea kuzima chanzo kikiondolewa. Lakini ikiungua, moshi wake huwa na asidi inayochoma macho, koo na mapafu. Kwa hiyo king'ora cha moshi ndani ya chumba chenye kizimba ni lazima, na betri yake ipimwe.

Mbele: akriliki, polikaboneti au kioo

Upande wa mbele mtoto anataka kuona. Hapo kuna plastiki mbili angavu, na kila moja ina tabia yake.

Akriliki, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Perspex, ina uzito usiofika nusu ya kioo na hung'aa vizuri. Lakini hutanuka kwa joto. Kipande cha sentimita 120 kikipata joto la nyuzi 20 zaidi, huongezeka urefu kwa zaidi ya milimita moja na nusu. Pia hunyonya unyevu kidogo, na ndani kukiwa na unyevu kuliko nje, hupinda. Mlango wa kuteleza unaokwenda vizuri Jumatatu unaweza kukwama Ijumaa, au kuacha mwanya pembeni. Mwanya huo mzazi anaweza asiuone, lakini nyoka mdogo atauona usiku wa kwanza.

Ukichagua akriliki, chukua ya milimita 5 au zaidi, gawa mlango vipande viwili badala ya kimoja kirefu, na acha nafasi ndogo ya kutanuka ndani ya reli. Iendane na mnyama wa mazingira makavu. Usiisafishe kwa spiriti wala dawa ya vioo yenye amonia. Huleta nyufa ndogo kama za ugoko uliokauka. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa laini vinatosha.

Polikaboneti ni ngumu kuvunjika kuliko akriliki. Ni plastiki inayotengenezewa ngao za polisi wa kutuliza ghasia. Pia huvumilia joto zaidi, kwani hulainika karibu na nyuzijoto 147. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo anayerusha vitu, ina heshima yake. Udhaifu wake ni mikwaruzo: kucha za mjusi na mchanga huifanya iwe na ukungu mapema, na yenyewe pia haipatani na amonia. Angalia usipewe ile ya mapaa, yenye mifereji ndani. Hiyo hutunza joto vizuri, lakini huoni mnyama, na unyevu huingia kwenye mifereji na kuota ukijani.

Na mara nyingine plastiki bora ya mbele ni kutotumia plastiki kabisa. Wajenzi wengi wenye uzoefu hujenga kuta za PVC na kuweka mbele milango miwili ya kioo kilichokazwa, kile kinachovunjika vipande vidogo visivyo na makali. Kioo hakipindi, hakikwaruzwi ovyo, na kwa chatu anayehitaji unyevu ndicho kinachofunga vizuri. Weka na kufuli ndogo. Mjusi hataifungua, lakini mdogo wake mtoto ataifungua.

Miale isiyopita kwenye plastiki

Hapa ndipo wazazi wengi wenye nia njema humuumiza mnyama bila kujua. Mjusi mwenye ndevu anahitaji miale ya UVB, sehemu ya mwanga wa jua inayousaidia mwili kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo mwili hautumii kalsiamu ipasavyo. Mzazi wa Kiswahili anaujua ugonjwa huo kwa jina jingine: kwa mtoto ni matege. Kwa mjusi, taya hulainika, miguu hupinda, na mkia huweza kuota vibonge. Ugonjwa huja polepole, na mifupa iliyokwisha kupinda hairudi sawa.

Kioo cha kawaida, polikaboneti na akriliki ya kawaida huzuia karibu miale yote ya UVB. Kwa hiyo taa ya UVB ikiwekwa juu ya kifuniko angavu, mtoto ataona mwanga mzuri, mjusi ataota joto, lakini miale anayoihitaji haimfikii. Kumweka karibu na dirisha lililofungwa nako hakusaidii, na jua likipiga moja kwa moja kwenye sanduku lililozibwa, linaweza kumpika.

Taa ya UVB inatakiwa iwe ndani ya kizimba, au juu ya wavu wa chuma usio na plastiki yoyote katikati. Kumbuka hata wavu hupunguza miale. Fuata umbali ulioandikwa na mtengenezaji wa taa, na ibadilishe kwa wakati anaousema hata kama bado inawaka, kwa sababu miale hupungua kabla ya mwanga.

Mkeka wa joto na bodi nene

Baadhi ya familia hununua mkeka wa umeme wa kupasha joto na kuuweka chini ya kizimba. Kwenye sanduku la kioo hufanya kazi. Chini ya bodi nene ya PVC yenye povu haufai, kwa sababu sifa ileile inayotunza joto ndani ndiyo inayozuia joto la mkeka lisipande. Joto hubanwa katikati, mkeka huzidi kuwa moto, na bodi hupinda. Kwa kizimba cha PVC, joto la juu kwa taa ndilo linaloeleweka zaidi.

Kifaa chochote cha joto utakachochagua, lazima kiunganishwe na themostati, kifaa kinachozima na kuwasha chenyewe kulingana na joto. Usipunguze gharama hapo. Na waya zisipite chini ya zulia wala kuunganishwa kwenye ekstensheni iliyojaa chaja za simu.

Polithini nzito na bodi za mabango ya uchaguzi

Polithini nzito, inayoandikwa HDPE, ni plastiki ya vibao vya kukatia nyama. Ni imara, haiogopi maji, na huoshwa kwa urahisi. Lakini gundi za kawaida haziishiki, hata silikoni hubanduka, kwa hiyo hufungwa kwa skrubu au kuunganishwa kwa mashine ya kuyeyushia plastiki. Pia hutanuka kuliko akriliki. Mwenye karakana ataipenda. Kwa familia yenye dreli moja na jioni za Jumamosi, si ya kuanzia.

Bodi nyepesi zenye mifereji, zile za mabango ya wagombea na ya nyumba zinazouzwa, hutengenezwa kwa polipropilini. Ni rahisi na hukatwa kwa kisu. Zinafaa kwa sanduku la muda mfupi la kumsafirishia mnyama, au la kumtenga akiugua. Kizimba chenye taa ya moto kisijengwe kwa hizo.

Povu jeupe la kufungia televisheni nalo hutumiwa na watu kutengeneza miamba ya bandia. Likiachwa wazi, mjusi hulikwangua na kumeza vipande, na huungua haraka. Na bodi za mtumba ambazo hujui zilihifadhi nini, hasa zilizokaa karakana za kemikali, ziache palepale.

Bodi moja inatosha

Shirika la ustawi wa wanyama la Uingereza, RSPCA, linashauri kizimba cha mjusi mmoja mzima mwenye ndevu kisipungue futi 4 kwa urefu, futi 2 kwa upana na futi 2 kwa kimo. Kwa bahati nzuri, bodi moja ya sentimita 244 kwa 122 inatosha karibu yote.

Ikate katikati upate vipande viwili vya sentimita 122 kwa 122. Kila kimoja ukigawe tena, upate vipande vinne vya 122 kwa 61. Kimoja ni sakafu, cha pili dari, cha tatu ukuta wa nyuma. Cha nne kigawe katikati upate kuta mbili za pembeni. Msumeno hula milimita chache kila unapopita, kwa hiyo piga mistari upya baada ya kila mkato. Utahitaji pia ukanda mdogo wa ziada kwa fremu ya mbele, reli mbili za mlango na milango yenyewe. Maduka mengi ya plastiki hukubali kukukatia. Waombe, kwa sababu mikato yao itakuwa na kona zilizonyooka kuliko zako na zangu.

Matundu ya hewa yawe mawili: moja chini upande wa baridi, jingine juu upande wa joto. Hewa ya moto hupanda na kutoka juu, na ya baridi huingia chini. Yafunikwe kwa wavu wa chuma.

Kukata na kugundisha, mtoto akiwepo

Kazi hii inaweza kumfundisha mtoto hesabu kuliko wiki nzima ya mazoezi ya daftari. Yeye apime, achore mistari na aandike vipimo. Msumeno, dreli na gundi vibaki kwa mtu mzima.

Katia nje au gereji iliyo wazi, ukiwa na barakoa ya vumbi na miwani. Vumbi la PVC si la kuvuta. Usikubali bodi ya PVC ikatwe kwa mashine ya leza au waya wa moto, kwa sababu hutoa gesi yenye asidi inayodhuru mapafu na hata kuila mashine yenyewe. Gundi ya PVC ina mvuke mkali. Madirisha yafunguliwe na wadogo wakae mbali.

Kwa kuziba viungo tumia silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu. Nyingi zinazouzwa kwa ajili ya bafu na jiko zina dawa hiyo, kwa hiyo soma maandishi. Za matangi ya samaki kwa kawaida hazina. Silikoni nyingi hunuka kama siki wakati zinakauka. Harufu hiyo ikiwepo, mnyama asiingie, hata kama siku imefika na mtoto analia.

Usafi ni sababu ya plastiki kushinda

Watambaazi wengi hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuugua. Mtoto akimshika mjusi kisha akashika mkate, anaweza kupata kuhara, homa na maumivu ya tumbo. Idara ya afya ya Marekani inayojulikana kama CDC inashauri watambaazi wasifugwe kwenye nyumba zenye watoto walio chini ya miaka 5, wazee au watu wenye kinga dhaifu ya mwili. Marekani ilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi cha kupiga marufuku, mwaka 1975, uuzaji wa kobe wadogo wa majini wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu watoto waliwabusu na kuwatia mdomoni. Kwa hiyo kama una mtoto wa miaka 2 nyumbani, jibu la ombi la kaka yake ni “subiri”, na ni jibu la upendo.

Kwa wengine, hapa ndipo bodi laini ya plastiki inapolipa gharama yake. Mbao hunywa uchafu. Plastiki hufutwa ikaisha. Choo kiondolewe kila siku, na kizimba kioshwe chote kwa ratiba. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, na mtu mzima asimamie. Viungo vya ndani vikizibwa vizuri kwa silikoni, uchafu hauna pa kujificha. Kagua kona hizo kabla ya kusifu rangi.

Maswali ya kuuliza dukani

Mzazi asiyejua plastiki asione haya. Muulize muuzaji mambo haya manne na uandike majibu.

Hii ni plastiki gani hasa? Jibu la “plastiki ngumu” halitoshi.

Inavumilia joto la nyuzi ngapi kwa muda mrefu? Bodi nyingi zina karatasi ya maelezo kutoka kiwandani. Omba uione.

Inashikwa na gundi gani, na inasafishwa kwa nini?

Ni mpya, au imetengenezwa kwa mabaki? Bodi za mabaki zinaweza kuwa sawa, lakini unene na uimara wake hutofautiana hata ndani ya bodi moja.

Siku saba bila mnyama

Kizimba kikikamilika, mnyama abaki dukani kwa wiki moja zaidi. Washa taa na themostati kama vile yumo. Weka vipimajoto viwili, upande wa joto na upande wa baridi, na kipima unyevu kimoja. Mpe mtoto daftari aandike namba asubuhi, mchana na usiku. Gusa dari juu ya taa kwa nje kila jioni. Tazama kama milango bado inateleza, kama kuna kona iliyofunguka, kama kuna harufu yoyote.

Wiki hiyo itakuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kama bodi ulizochagua zinastahimili kazi. Dari ikiinama sasa, umepoteza kipande cha plastiki tu. La pili ni kama mtoto ataandika namba mpaka siku ya saba. Akiacha siku ya tatu, ongea naye kwa upole kabla ya kufungua pochi, kwa sababu mjusi atahitaji kuangaliwa kila siku kwa miaka mingi. Akifika siku ya saba daftari likiwa limejaa, na vipimo vimekaa panapotakiwa, mpeleke akamchague.